Vidole Viwili vya Mama Vifungo

Shangazi yangu aliona damu kabla ya kusikia maumivu. Alikuwa akishona tundu la kifungo kwenye shati jeupe la shule, akaona doa, akadhani ni uchafu, akalisugua. Kumbe sindano ilikuwa imezama kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na kidole hakikumwambia kitu. Akacheka. Alisema kidole chake kimekuwa kama mume wa mtu: kipo nyumbani, lakini habari zake hazijulikani.

Mimi sikucheka. Mtaani wanamwita Mama Vifungo. Matundu yake, anayoyashona kwa mkono, hayafumuki hata shati lichakae, na hiyo ndiyo sababu pekee ya shule kumpa kazi yeye na kuyaacha maduka yenye mashine. Kitambaa hukibana kwa vidole viwili vya mwisho vya kushoto. Hivyo hivyo viwili vilivyokuwa vikifa ganzi.

Daktari wa zahanati, kijana mpole, alimwuliza anafanya kazi gani, kisha akamwuliza amefikaje pale. Aliposikia baiskeli, akatoka nje kwenda kuitazama. Ilikuwa ya marehemu mume wake, mtu mrefu. Shangazi ni mfupi, kwa hiyo alikishusha kiti, kisha akakiinamisha mbele ili miguu ifike chini upesi. Matokeo yake aliteleza njia nzima, akijizuia kwa viganja, mikono imenyooka kama mtu anayesukuma mlango usifunguliwe. Daktari alieleza kwamba mshipa wa fahamu unapita pale penye kitako cha kiganja, na kila safari anaukalia kwa uzito wake wote. Akiendelea, nyama ya mkono itanywea, na hisia za vidole huenda zisirudi.

"Mimi nimeleta mikono, mwanangu," shangazi akamjibu, "wewe unatibu baiskeli."

Aliahidi kuipumzisha akishapeleka sare. Shule zilikuwa zinafunguliwa.

Asubuhi ya kupeleka nilikaa nyuma kwenye keria, nimekumbatia furushi. Barabara ya mawe ilitutikisa hadi meno. Nilimwona akikung'uta mkono wa kushoto, akiurudisha, akiukung'uta tena. Nikamwomba tushuke tukokote. Akasema tutakokota tukizeeka.

Kisha tukafika kwenye mteremko unaoishia njia panda. Breki ya kulia ilikuwa imekufa zamani, tulitegemea ya kushoto. Baiskeli ikaanza kukimbia. Nilitazama mkono wake: vidole vilikuwa juu ya breki, vimelala tu, kama glavu iliyosahauliwa pale.

"Shangazi, kaza breki."

"Nimekaza."

Hakuwa amekaza. Chini, lori la matofali lilikuwa likipita polepole. Nikaburuza miguu mpaka soli ya kiatu kimoja ikabanduka. Shangazi akakata usukani kwa kiwiko, tukaingia kwenye lundo la mchanga la nyumba inayojengwa, na furushi likapasuka juu yetu. Fundi mwashi mmoja alituuliza kama tumeleta nguo au tumekuja kuanua.

Shangazi alikaa mchangani akiutazama mkono wake.

"Sikujua," alisema. "Naapa nilijua nimekaza."

Siku hiyo hiyo tuliikokota hadi kwa fundi baiskeli. Akamkalisha shangazi juu ya baiskeli, mimi nimeishika, akamzunguka akitikisa kichwa. Alimwuliza kama angekubali mteja aondoke na koti la baba yake bila kupunguzwa. Shangazi akamwambia apunguze. Kiti kikalazwa sawa, usukani ukapandishwa na kuvutwa karibu, vishikio vikapata mpira mnene, breki zote mbili zikabadilishwa. Alifundishwa kukunja viwiko kidogo na kuhamisha viganja kila mara. Hakuipanda lakini. Sare alizipeleka kwa miguu, na matundu ya mashati yaliyobaki alinipa mimi niyashone. Yalikuwa mabaya, naye aliyafumua kimyakimya.

Wiki kadhaa baadaye tulirudi zahanati. Daktari alimwambia afumbe macho, akachukua kipande cha pamba, akagusa kidole cha pete.

"Hapo," shangazi akasema.

Akagusa cha mwisho. Kimya. Akagusa tena. Shangazi alikunja uso kama anayesikiliza.

"Ni kama wanagonga," alisema taratibu, "lakini kwa jirani."

Daktari akasema basi mshipa haujafa, ila utachelewa kupona. Shangazi akafumbua macho. Hakuuliza utachelewa mpaka lini. Aliomba aguswe tena.