Kimya cha Midundo Minne

Nina kijicho. Naanza na hilo ili asije mtu akanishtukia katikati ya maelezo. Wengine huona wivu kwa sababu ya gari la jirani au ploti ya shemeji. Mimi huona wivu kwa sababu ya midundo. Mtu akimsikia prodyuza mpya kabla yangu, siku hiyo chakula hakinishuki.

Kila Jumamosi saa tisa alasiri tunakutana watu kumi, kumi na wawili hivi, katika chumba kilicho juu ya duka la kinyozi mmoja mtaa wa Donholm, Nairobi. Mwenye kinyozi ndiye mwenye spika. Tunasikiliza biti za hip hop zisizo na maneno, na muziki wa elektroniki uliopikwa na watu ambao bado hawajulikani, mtu na laptopu yake chumbani, sifa zake hazijavuka hata mtaa wa pili. Sheria zetu ni chache. Simu hulazwa kifudifudi mezani. Kila mtu huleta ngoma moja tu, na hakuna kuongea mpaka iishe. Ikiisha, aliyeileta huambiwa, "Tuonyeshe pale," naye huirudisha hadi mahali palipomkamata, akaeleza.

Hapo "pale" ndipo palipokuwa na ufalme wangu. Siku za kazi nauza rangi za nyumba dukani, nachanganya krimu na kijivu, na hakuna anayetaka kujua ninawaza nini. Lakini Jumamosi nikiinua kidole na kusema "sikilizeni hapa," watu wazima hushusha pumzi wakasikiliza. Ilisemekana mtaani kwamba nina masikio. Nami niliamini kuliko waliosema hivyo.

Ile ngoma niliikuta mtandaoni wakati wa chakula cha mchana, nimekalia debe la rangi. Mwenyewe hakuweka jina wala sura yake, aliweka picha ya beseni la buluu. Ilianza na besi ya chini, nzito, ya taratibu, kama mtu anayeburuta godoro sakafuni. Kisha kikaingia kitu kikavu kinachogonga, si ubao, si chuma. Ko. Ko-ko. Ko. Nywele zilinisimama. Halafu katikati kila kitu kikakatika. Kimya. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kile kinachogonga kikarudi, lakini safari hii kwa upole mno, kama kimeombwa kisimwamshe mtu.

Nilisahau wali wangu ukapoa.

Jumamosi niliicheza pale juu ya kinyozi. Ilipoisha, mwenye kinyozi akaguna, "Buda, hii umetoa wapi?" Nikatabasamu tu. Waliponiambia niwaonyeshe pale, niliirudisha hadi kwenye kile kimya. Nikawaambia aliyeitengeneza lazima ni mtu mzima, maana kijana angepajaza pale kwa makelele. Nikawaambia kunyamaza namna hiyo kunataka miaka. Hata nikawaeleza kwamba kile kinachogonga ni mianzi ya Asia, na wakaafiki, kwa kuwa ni mimi niliyesema.

Kwa Jumamosi kadhaa niliombwa niirudie. Nilimwandikia mwenyewe ujumbe mrefu wa kumsifu, hasa kile kimya, nikamuuliza yuko nchi gani. Alijibu, "Asante. Niko hapa tu." Nikaona ni mtu wa maringo, na nikazidi kumpenda.

Kisha akaja msichana wa jirani.

Kwao na kwetu tumetenganishwa na ukuta mmoja hapa Buruburu. Wazazi wake ni watu wa magharibi mwa Kenya, wa kanisa, na baba yake alifanya kazi reli pamoja na marehemu baba yangu. Nilimjua akiwa na meno ya utoto. Sasa ana miaka ishirini na kitu, mpole, anatembea na laptopu iliyofungwa kwa lastiki. Alipotokea mlangoni Jumamosi ile nilidhani ametumwa kuniita. Kumbe amekuja kusikiliza. Kwa vile ni mgeni, akapewa nafasi ya kwanza acheze alicholeta.

Besi ikaanza. Godoro likaburutwa.

Nikasema kwa sauti, nikivunja sheria yetu mimi mwenyewe, "Hii ni yangu. Mimi ndiye niliyeileta hapa."

"Pole, bro," akasema. "Ni mimi niliyeitengeneza."

Chumba kililipuka. Watu wakampiga mabega, wakamrushia maswali, huyu anauliza besi, yule anauliza programu. Mmoja akamwuliza ile mianzi aliipata wapi. Akanitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa, halafu akasema, "Si mianzi. Ni pembe. Ni pembe ya mamake huyu."

Sikuwa nimeitambua. Kweli alikuwa ameipunguza kasi na kuiteremsha sauti, lakini hiyo ni pembe iliyokaa juu ya kabati la mama tangu sijazaliwa.

Mama yangu ni mzaliwa wa Mombasa. Alipoolewa akaja Nairobi alibeba pembe ya nyati sandukuni, imeviringishwa kwenye leso, pamoja na kijiti chake. Huko kwao wanawake huzigonga pembe hizo harusini, wakiimba na kuserebuka, na ngoma yenyewe huitwa vugo. Hata huku mpaka leo, kukiwa na harusi ya watu wetu Majengo au Eastleigh, mama hualikwa na pembe yake. Ni mambo ya wanawake. Nilipokuwa mdogo nililala mapajani mwake pembe zikilia juu ya kichwa changu, mpaka siku moja shangazi mmoja akanishika mkono akanitoa uani mwa harusi, akasema huyu sasa ni mwanamume. Nililia njia nzima. Nilipokua nikajua kurekodi, nilimwomba mama anipigie pembe kidogo niweke kwenye simu. Alikataa akicheka: "Hii ni ya wanawake, baba." Sikumwomba tena.

Sasa binti wa watu ameipata.

Jioni ile nilimkuta mama uani akianua nguo. Mbele yake lilikuwa beseni la buluu lenye ufa pembeni, lile lile la kwenye picha, ambalo nimelipita kila asubuhi nikienda kazini. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Mama, umempa yule msichana pembe?"

"Sikumpa. Iko pale juu ya kabati."

"Umempigia akarekodi."

"Nimemfundisha," akasema. "Mwana wa watu kaja kwa adabu, kaomba kufundishwa. Akaomba na ruhusa ya kurekodi ili akajifunze kwao. Baadaye akaniletea nisikie alichotengeneza. Nimekipenda."

"Mimi nilipoomba ulisema ni ya wanawake."

"Na ni ya wanawake. Kwani yeye si mwanamke?"

"Si mtu wa pwani, mama. Hata si Mwislamu."

"Ana mikono miwili, na nikimwambia saa kumi anakuja saa kumi." Akaanza kukunja shuka. "Wewe ulitaka kuichukua sauti uende nayo. Yeye kakaa hapa kwenye kigoda, kijiti kimemtoa malengelenge."

Nami nikasema upuuzi. Nikamwambia kwamba msichana mwenyewe hapigi sawa, anachelewa kidogo kwenye pigo la tatu.

"Sikio halipiti kichwa, baba," akasema mama. "Hivyo ndivyo ninavyopiga mimi. Nenda ukanawe, chakula kiko tayari."

Nilimwonea wivu msichana yule kwa namna ambayo siwezi kuipamba. Nilimwonea wivu kwa biti yake, kwa malengelenge yake, kwa kigoda alichokalia. Juu ya yote nilimwonea wivu kwa alasiri zile ambazo mama yangu alikuwa mwalimu wake, mimi nikiwa nyumba hiyo hiyo. Jumamosi zilizofuata, akileta ngoma mpya nilikuwa wa kwanza kuitoa kasoro. Besi imezidi. Mwisho umelegea. Siku moja nikasema, yeye akisikia, kwamba kumrekodi mama wa mtu si utunzi, ni kazi ya kuokota. Mwenye kinyozi akaniambia, "Zii, hapo umekosea." Msichana alikunja laptopu yake, akaifunga lastiki.

Na bado nyumbani nilikuwa naisikiliza ile ngoma. Baniani mbaya, kiatu chake dawa.

Mwishowe nikapata wazo ambalo siku ile nililiona la haki kabisa. Ningechukua rekodi yenyewe, pembe tupu kabla hajaikata, nami nitengeneze yangu. Nilikuwa na masikio, nilikuwa na damu ya mwenye pembe. Ningemwonyesha, na ningemwonyesha mama pia. Basi nikamwita pale ukutani.

"Nataka ile rekodi nzima. Ile ni sauti ya nyumbani kwetu."

"Si unaishi na yeye, bro? Si umwambie tu akupigie."

"Nataka ile."

"Haitakufurahisha."

Nikaona ni uchoyo. Nikamwambia kwamba kama hataki kunipa nitamwambia mama. Mimi, mtu wa miaka thelathini na minane! Akaingia ndani, akarudi, akanipitishia flashi juu ya ukuta.

Jumapili asubuhi, wao wakiwa kanisani, nilikaa kitandani nikavaa hedifoni zangu nzuri, zile ambazo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuzigusa. Rekodi ilianza na kuku na maji ya mfereji. Kisha mama akicheka: "Usiikamate kama mwiko, mwanangu. Iache ipumue." Nilirudisha nyuma nikalisikiliza tena lile neno mwanangu. Pembe ikaanza, wawili kwa kupokezana, mama mbele, msichana akimfuata, hata pigo la tatu likichelewa sawasawa kwa wote. Ilikuwa nzuri kuliko biti. Walikuwa wamekolea, pembe inalia kwa nguvu, mama ameanza hata kuimba.

Halafu mlango ukafunguliwa kwa kishindo, na sauti ya mwanamume ikafoka:

"Jamani! Hebu punguzeni hizo kelele! Kuna mtu anasikiliza kitu huku!"

Mlango ukapigwa tena. Uani hapakusikika neno. Beseni lilisogezwa. Kisha mama, kwa sauti ya chini, "Tupige polepole, mwanangu. Kaka yako anasikiliza." Na pembe ikarudi kwa upole mno.

Niliikumbuka alasiri ile. Sikukuu, duka limefungwa, na mimi chumbani natafuta ngoma ya kupeleka Jumamosi, prodyuza mpya ambaye hakuna aliyemsikia. Nilifoka nikageuka, hata sikutazama mama yuko uani na nani.

Nilifungua ile biti kwenye kompyuta, nikaiweka sambamba na rekodi. Sikuhitaji kupima sana. Pigo la mwisho la nguvu, kisha kimya cha midundo minne, kisha pembe ya upole. Alikuwa amefuta sauti yangu akaliacha pengo lake. Kile nilichowaambia watu kwamba kinataka miaka kilikuwa ni mimi nikifoka kwa mama yangu, na mama yangu akitii.

Nilivua hedifoni nikaenda jikoni. Mama alikuwa kwenye mbuzi, akikuna nazi za soko la Muthurwa.

"Mama, siku ile mlipokuwa mnapiga pembe uani, nikatoka nikawafokea."

"Siku ipi?"

"Wewe na yule msichana. Mkaanza kupiga polepole."

Hakuacha kukuna. "Kwani ni siku moja? Wewe kila siku unasikiliza kitu."

Hakusema kwa hasira, wala hakuniangalia kuona kama maneno yameingia. Nilisimama pale mpaka nazi ikaisha, nikambebea chicha nikamwage.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Donholm mikono mitupu. Zamu yangu ilipofika nilisema sina ngoma, na mwenye kinyozi akasema basi turudie ile ya pembe, tangu tumjue mwenyewe hatujaisikiliza vizuri. Simu zikalazwa. Msichana alikuwa ameketi karibu na dirisha. Besi ikaanza, pembe ikaingia, kisha kile kimya, na nilijua kila mtu chumbani anakihesabu kama nilivyowafundisha.

Ilipoisha, wakanigeukia kwa mazoea. "Haya, tuonyeshe pale."

Niliirudisha. Ilipofika kwenye kimya nikasimamisha.

"Hapa ni mimi," nikasema.

Walicheka mpaka mmoja akashika meza. "Wee! Jamaa anataka sifa hata za kimya!" "Wivu utakuua, buda!"

Nikarudia kwamba ni mimi, wakazidi kucheka. Msichana peke yake hakucheka, alikuwa anaangalia lastiki ya laptopu yake. Alikuwa amenijua tangu mwanzo, tangu ule ujumbe wangu mrefu wa kukisifu kile kimya, tangu siku niliyomwita mwokotaji mbele ya watu, na angeweza kunimaliza kwa kubofya mara moja. Alinyamaza. Hata hilo nilimwonea wivu.