Wasifu wa Marehemu Mtarajiwa

Ndizi zile hazikuwa zangu. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, mbele ya mume wangu, mbele ya mama mkwe na mbele ya katekista wa kigango chetu, na ningelikana hata mbele ya padri kama angeniuliza habari za ndizi kwenye kitubio. Hakuuliza. Ukweli ni kwamba ule mkungu mkubwa niliokuwa nikiupeleka altareni kila Jumapili ya Mavuno, kama tunda la kazi ya mikono yangu, nilikuwa nimeununua Keumbu, kando ya barabara, baada ya kubishana na mwenye nao kuhusu bei mpaka tukachukiana.

Keumbu si njia ya kutoka kwangu mjini Kisii kwenda kwa mama mkwe, karibu na Magwagwa. Nilizunguka makusudi, nisikutane na mtu wa kwetu. Aliyejua siri hiyo ni jirani yangu mmoja Msabato, aliyewahi kuniona nikiutoa mkungu kwenye buti la gari. Alinyamaza, kwa ukarimu wa mtu ambaye kanisa si lake.

Kigango chetu, huko kwa mama mkwe, ni kanisa dogo la mabati katikati ya mashamba ya majani chai, na karibu waumini wote ni wakulima. Siku ya Mavuno kila mtu huja na alichojaliwa: ndizi, wimbi, maboga, kuku aliyefungwa miguu. Tunapanga mstari, tunacheza polepole hadi altareni, na baada ya misa katekista anavua kanzu yake, anageuka dalali, na vyote vinapigwa mnada kwa faida ya kanisa. Unanunua boga la jirani, jirani ananunua kuku wako, na wote mnarudi nyumbani mkiwa na furaha na mifuko mitupu.

Mimi naandika. Naandika makala za majarida, na mtu akifiwa katika kaunti zetu hizi mbili, Kisii au Nyamira, naombwa niandike wasifu wa marehemu, mara nyingi kabla jeneza halijachaguliwa. Kila asubuhi, nyumba ikiwa bado imelala, nachemsha chai, nasoma somo la siku, namshukuru Mungu, kisha naanza kuandika pale pale kwenye meza ya jikoni bila kuinuka. Nilijiambia kwamba sala na kazi yangu ni ibada moja. Mama mkwe, ambaye alfajiri husali rozari huku akikama ng'ombe, alikuwa na jina lake kwa ibada hiyo. Aliiita kukaa.

Sasa mtu anayekaa atapeleka nini altareni siku ya Mavuno? Makala? Ndiyo maana nikaijua Keumbu.

Kosa langu lilikuwa kununua, mwaka mmoja, mkungu mzuri kupita kiasi. Ulibebwa na wanaume wawili. Mama mkwe alinisifu katika jumuiya yetu ndogo mpaka wanawake wakaamua kwamba mbegu ya ndizi hizo haiwezi kubaki mjini peke yake. Mwezi wa Oktoba, tunapozungusha rozari nyumba hadi nyumba, zamu ya nyumba yangu ilipofika walikuja Kisii wote, rozari mkono mmoja na jembe mkono wa pili, kuchimba machipukizi.

"Tuonyeshe huo mgomba," mama mkwe alisema, hata kabla ya chai.

Nyuma ya nyumba yangu kuna migomba mitatu myembamba, majani yamechanika, imesimama kama wanafunzi waliofukuzwa kwa kukosa karo.

"Ni huu?"

"Hapana, Mama. Ulikuwa hapo pembeni."

Mgomba huzaa mara moja tu, ukiukata mkungu unaukata na mgomba wenyewe. Kila mtu pale alilijua hilo, nami nikiwa mmoja wao.

"Kisiki kiko wapi?"

"Niliking'oa."

"Na shimo?"

"Nililifukia."

"Na machipukizi?"

Nilieleza, kwa sauti ninayoitumia kwenye makongamano, kwamba ilikuwa aina mpya, iliyofanyiwa utafiti, isiyotoa machipukizi.

Mama mkwe aliitazama ardhi kwa muda. "Mgomba usio na kisiki, usio na shimo, usio na watoto," alisema. "Huo ulikuwa mgomba au malaika?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaketi juu ya mpini wa jembe lake. Kisha tukaingia ndani tukasali rozari. Mama mkwe ndiye aliyeongoza, na alichagua matendo ya uchungu, ingawa haikuwa siku yake.

Walipokuwa wakitoka alinivuta jikoni. Hakupandisha sauti. "Nimekusifu mbele ya watu," alisema. "Mavuno yajayo utaleta kitu kilichotoka kwenye mikono yako. Ukikosa, utakaa kwenye benchi, na mimi nitapita mbele peke yangu."

Kwa mgeni hilo linaweza kuonekana jambo dogo. Kwetu mama hupita mbele na wake za wanawe wakimfuata nyuma, na mume wangu ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Mama mkwe akitembea peke yake ilhali mimi nimekaa, ni sawa na kutangaza kwa kipaza sauti kwamba nyumba yake imepasuka. Angefanya hivyo kwa uchungu, lakini angefanya. Namjua.

Nikajaribu kulima. Sukuma wiki yangu ililiwa na wadudu, na iliyobaki ikaliwa na mbuzi wa watu. Boga langu la pekee lilikomaa likiwa na ukubwa wa ngumi, na nilipolionyesha kwa mume wangu aliuliza kama limeugua. Asubuhi moja, siku za Mavuno zimekaribia, nilimlalamikia Mungu kwamba sina chochote kilichotoka kwenye mikono yangu. Nilikuwa nikisema hayo huku nimeegemea rundo la karatasi nilizoziandika wiki hiyo. Ilinichukua muda kukiona nilichoegemea. Mungu, nadhani, alikuwa ameshaona na alikuwa ananisubiri.

Siku ya Mavuno nilisimama kwenye mstari nyuma ya mama mkwe, kati ya boga na kuku. Nilibeba ungo mpana, na ndani ya ungo karatasi moja iliyosema kwamba atakayeinunua ataandikiwa wasifu wa marehemu, kwa ajili yake au mtu wa nyumba yake. Mama mkwe hakugeuka kutazama nimebeba nini. Alisikia tu kwamba hakilii, na nadhani alitumaini ni mayai.

Wakati wa mnada katekista aliisoma ile karatasi kimoyomoyo, akanitazama, akaisoma tena.

"Wapendwa," alisema, "hapa tuna huduma."

"Huduma gani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Ya marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Bado hajapatikana."

Mama mkwe alijifunika uso kwa leso. Katekista, ambaye kwa udalali ana kipaji cha kweli, alijaribu. "Haiozi," alisema. "Boga linaoza, hii haiozi." Hakuna aliyeinua mkono. Niliwaelewa. Nani atashindana na jirani yake kwa bei, watu wote wakisikia, ili apate haki ya kufa?

"Nipe mimi," sauti ikasema.

Alikuwa mwanamke mkongwe kuliko wote kigangoni, ambaye sote tulimwita Magokoro, yaani bibi, hata wale waliokuwa wenyewe na wajukuu.

"Kwa ajili ya nani, Magokoro?" katekista aliuliza kwa upole.

"Kuna mwingine hapa anayekaribia kunishinda?" Aliinuka kwa fimbo yake. "Nimehudhuria mazishi mengi. Nimesikia watu wakisifiwa vitu ambavyo hawakuwa. Wangu nataka niusikie mwenyewe, nikiwa bado na masikio. Ukikosewa nisahihishe."

Nilidhani nimeokoka. Mama mkwe alinisubiri nje, kando ya ua.

"Nilikuambia ulete matunda," alisema. "Umeleta kifo. Yule mama akianguka kabla ya Krismasi, watu watasema nini? Watasema nyumba yangu ndiyo iliyomwandikia."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Kuanzia siku hiyo nilimwombea Magokoro kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kwa roho yangu mwenyewe. Niliombea presha yake na kifua chake. Niliombea ngazi mbili za mlangoni kwake, ambazo mvua ikinyesha huteleza. Sijui kama hapo awali kuna mtu aliyewahi kuombewa uhai na mwandishi wa tanzia yake.

Wakati huo huo ilibidi niandike. Nilikwenda kwake na rasimu niliyojivunia.

"Soma," alisema.

"'Magokoro alikuwa mama mpole—'"

"Futa."

"Hivi ndivyo tunavyoanza kwa kawaida, Magokoro."

"Ndiyo maana huwa sisikilizi. Mpole ni nani hapa? Mimi nilikuwa na mdomo. Andika alikuwa na mdomo, na aliutumia."

Nikaandika. "'Alimpenda sana marehemu mumewe.'"

"Si kila siku."

"Niandike hivyo?"

"Andika. Mwenyewe atacheka huko aliko. Sasa weka kando hiyo rasimu yako, nikuambie shukrani."

Akaanza kushukuru, na nilijaza karatasi mpaka mkono ukaniuma. Alimshukuru Mungu kwa paa ambalo mwanawe alilipa kwa mshahara wake wa kwanza. Alishukuru kwa goti la kushoto, ambalo bado hukunjika akitaka kusali. La kulia, alisema, Mungu mwenyewe ana habari zake. Alishukuru kwa ng'ombe mmoja aliyekuwa hakubali kukamwa bila kuimbiwa, maana kwa sababu yake alizijua nyimbo zote za kanisa kwa kichwa. Akashukuru kwa jirani aliyegombania naye mpaka wa shamba tangu ujana mpaka uzee. "Bila yeye kungekuwa na ukimya sana," alisema.

Asubuhi iliyofuata nilikaa kwenye meza yangu ya jikoni, nikaanza, kama siku zote, kumshukuru Mungu kwa baraka zake nyingi zisizohesabika. Nikasikia sauti ikisema futa. Nikaanza upya, kwa chai iliyokuwa mbele yangu, kwa jirani Msabato, kwa muuza ndizi wa Keumbu niliyemnyanyasa miaka yote hiyo na ambaye hata hivyo alikuwa akinichagulia mkungu bora. Nilichelewa kuanza kuandika siku hiyo, na nilichoandika hakikuwa kibaya.

Wasifu ulipokamilika, Magokoro aliita jumuiya nyumbani kwake. Alijifunga kitambaa kipya kichwani, akaketi mbele yetu ameikunja mikono kifuani, marehemu mwenye afya kuliko waombolezaji wake wote. Nilisoma. Alinikatiza mara kwa mara kuwaeleza watu jambo fulani lilivyokuwa, na watu walicheka mpaka chai ikapoa kwenye birika. Mama mkwe alikuja, lakini aliketi mlangoni, mguu mmoja nje, asihesabiwe kuwa amehudhuria. Hakucheka. Nilipomaliza na kuinua macho, kiti chake kilikuwa kitupu.

Baada ya hapo, kimya. Akiongea na mwanawe kwenye simu hakuniulizia. Wiki zilipita, masika yakaanza, na nikasikia kwamba Magokoro anakohoa.

Mama mkwe hapigi simu. Anabip, kisha anasubiri mwanawe ampigie. Kwa hiyo asubuhi ile, simu yangu ilipolia mezani, tena ikaendelea kulia, na jina lake likiwa pale, nilijua kuna mtu amekufa na nilijua ni nani. Nikaipokea nikiwa nimesimama.

"Tumsifu Yesu Kristu, Mama."

"Milele na milele, amina. Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama. Na huko?"

"Tumeamka. Mvua ilinyesha. Yule ng'ombe mwekundu amezaa, ndama dume, basi. Na majani chai tumechuma kidogo."

"Na Magokoro, Mama?"

"Naenda huko."

Niliketi.

"Yule mama," alisema, "jana alikuwa sokoni Magwagwa. Amezitia zile karatasi zako kwenye kikapu, na kila mwenye macho mazuri anayekutana naye anamsimamisha amsomee. Amemsimamisha muuza samaki. Amemsimamisha mtu wa pikipiki, tena akiwa na abiria. Kurasa nne."

"Kwa hiyo ni mzima?"

"Amezidi kuwa mzima. Mimi nauliza kuhusu kurasa. Yeye ana watoto watano, na mimi nina mmoja wa kiume na wasichana saba, na wote nimewasomesha. Mimi nitapata ngapi?"

Nilivuta karatasi, nikaanza kutafuta kalamu.

"Unanisikia? Nimeweka salio la kutosha, lakini si la kunyamaziana."

"Nakusikia, Mama. Utapata zitakazotosha."

"Zitakuwa tano. Na katekista nimeshamwambia, Mavuno haya utapita nyuma yangu na karatasi yako, atafute maneno ya kuitangaza vizuri, si kama mwaka ule. Ndizi nitabeba mimi. Haya, andika shukrani, hizo ndizo za kwanza. Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika: namshukuru Mungu kwa ajili ya mke wa mwanangu, anayejaribu kulima."

"Nimeandika, Mama."

Nilimsikia ndama akilia.

"Futa hapo kwenye kujaribu," alisema. "Hayo yatasomwa nikiwa nimelala pale mbele ya padri, siwezi kuinuka kujisahihisha. Andika asiyejua kulima. Na usifunge hapo, sijamaliza."