Orval na Vigumba vya Shamba la Bondeni

Mume wangu, Orval Stambaugh, akilipapasa jiwe kwa kidole gumba tu anaweza kukuambia kama lilichongwa na mkono wa mtu au lilivunjwa na plau. Lakini hawezi kukuambia kama aliyesimama mlangoni ni mimi au ni koti langu limetundikwa. Juzi alilisalimia hilo koti, na lilipokaa kimya akaniuliza nimenuna nini.

Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa mjini alishamwambia wazi: tufanye upasuaji sasa, maana ukichelewa kazi itakuwa ngumu, na siku moja utaamka usione hata dirisha liko wapi. Orval akamshukuru, akavaa kofia yake, akasema atarudi mvua zikipungua. Huyo daktari hakujua anaongea na nani. Kwa Orval, mvua ndiyo sababu ya kuishi.

Majirani zetu wote hapa Ohio waliacha kulima kwa plau siku nyingi. Wanapanda mbegu juu ya mabua ya mwaka jana na udongo haugeuzwi. Orval amewakodisha hao hao mashamba yetu ya juu, ila lile la bondeni, kando ya mto, hataki mtu aliguse. Hulilima mwenyewe kila baridi ikiisha, kisha hapandi kitu. Anangoja mvua ioshe udongo ili vigumba vijitokeze: vichwa vya mishale na mikuki ya mawe, vya watu waliowinda bonde hili kabla babu zetu hawajajua kama kuna nchi huku. Wenzangu wameolewa na wakulima wa mahindi na soya. Mimi nimeolewa na mkulima wa mawe.

Mwaka huu alilima mistari imepinda kama utumbo wa kuku. Delmer, jirani yetu, alisimamisha gari lake barabarani, akashuka kutazama.

"Lavonne," akaniambia, "huyu mzee wako alikuwa anamfukuza nyoka na trekta?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nimechoka kuuliza."

"Ndiye niliyemuuliza kwanza. Kaniita kwa jina la marehemu baba yangu."

Nilicheka, maana ningefanya nini. Lakini usiku sikupata usingizi.

Siku ya upasuaji ikafika, na ni mimi niliyeipanga. Mbingu nazo zikanifanyia ubaya: usiku kucha mvua, asubuhi jua. Nilimkuta jikoni ameshavaa buti, fimbo mkononi, ile yenye msumari kwenye ncha ya kugeuzia mawe.

"Mama," akaanza kwa sauti ya upole, ile anayoitumia akitaka kunikera, "mvua kama hii huwezi kuiacha ukaenda kulala hospitali."

"Unaweza. Watu wanakwenda."

"Mwambie daktari wiki ijayo."

"Hiyo wiki ijayo uliisema mwaka juzi. Bado haijafika?"

"Macho yangu hayana neno. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Ndiyo maana mimi nakwambia kila siku."

Akatoka. Nikapiga simu hospitali kuahirisha tena, na binti aliyepokea akanitambua kwa sauti kabla sijajitaja. Aibu niliyoona siisemi. Kisha nikavaa buti zangu nikamfuata, maana kingo za mto zimemomonyoka, na sikutaka kuwa mjane kwa ajili ya mawe.

Yeye mbele, mimi nyuma. Mvua ilikuwa imefanya kazi yake vizuri. Kila jiwe limebaki juu ya nguzo yake ndogo ya udongo, limeoshwa linang'aa. Orval akainama, akaokota ganda la kome. Akainama tena, kipande cha sahani. Akainama kwa heshima zote, akaokota jani. Mimi nikaokota ncha ya mshale ya gumegume, jiwe jeusi gumu, aliyokuwa ameiruka.

"Hii umeipita," nikamwambia.

"Jua liko upande wako."

"Tunaelekea upande mmoja, Orval."

"Basi bahati. Ni yako, weka mfukoni."

Kwetu hiyo ni sheria, na haina rufaa: aliyeona ndiye mwenyewe, hata kama shamba si lake. Delmer aliwahi kuokota kigumba kizuri ajabu hapa hapa, kwenye udongo uliolimwa na Orval. Orval akampa mkono, akampongeza, akarudi nyumbani akashindwa kula chakula cha jioni. Lakini hakukiomba.

Kipo kimoja anachokitafuta tangu utotoni. Ni kile cha zamani kupita vyote, chenye mfereji uliochongwa kutoka kwenye kitako, pande zote mbili, cha watu waliowinda tembo wenye manyoya. Baba yake alikuwa nacho kimoja, kikapotea nyumba ilipoungua. Orval amelala nacho na kuamka nacho maisha yake yote, na mimi nimelala kati yao.

Ndicho nilichokiona asubuhi ile. Kilikuwa ndani ya alama ya buti la Orval, kimekandamizwa kwenye tope, mfereji umetazama juu. Alikuwa amekikanyaga na kupita.

Nilisimama. Yeye aliendelea kwenda, akichokoa jani lingine kwa fimbo. Ningeweza kukiokota, nizunguke, nikidondoshe mbele yake. Angekipapasa akajua, angelia, na ingekuwa siku bora ya maisha yake. Kisha angesema, unaona, Mama, macho yangu hayana neno, na hospitali asingekanyaga tena. Nilimchukia kwa dakika ile. Nilimchukia kwa kuniachia mimi kazi ya kuchagua.

"Orval," nikaita. "Rudi hapa."

Akarudi. Nikamwonyesha kwa kidole, akatazama. Akapiga magoti, akatazama tena, uso karibu uguse udongo, na nikamwona hakioni. Nikaushika mkono wake nikauweka juu ya jiwe.

Kidole gumba kikapita kwenye mfereji mara moja. Halafu vidole vyake vikaanza kuzunguka kulitafuta lile shimo lililokuwa limelizunguka jiwe, kisigino, soli, ncha ya buti, polepole, mpaka akalimaliza lote.

"Buti la nani hili?" akauliza.

Nilikuwa nimeshinda, na sijawahi kutamani kushindwa kama siku ile.

Akakichomoa, akakifuta kwenye shati lake, akakitia kwenye kiganja changu, akanifunga vidole. "Chako," akasema. "Umekiona wewe."

"Kichukue, mzee. Mimi nitakifanyia nini?"

"Chako, Mama." Akajaribu kuinuka, nikamshika kwapa. "Yule binti wa hospitali. Ukimpigia sasa hivi, bado watatupokea?"

"Nitawaomba."

"Basi tangulia," akasema, akanishika bega. "Mimi nitakanyaga unapokanyaga."