Mtego Juu ya Kitovu cha Mjomba

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu kuchanjwa kipindupindu. Muuguzi alitueleza kwamba kijidudu chake hung'ang'ania ukuta wa utumbo na kumwaga sumu, na chanjo huufundisha mwili kukitambua mapema. "Kuna vingine huuchimba utumbo wenyewe," alisema, "ndipo mtu anahara damu."

Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimemkumbuka mjomba.

Nilikuwa mtoto mdogo. Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wanajenga reli, naye mjomba alirudishwa kwetu Mgeta kutoka kambini kwao, amebebwa kwenye machela, anahara damu. Nyumba nzima ilinuka moshi na majani ya mpera yaliyochemshwa. Mchana mmoja nilimsikia bibi akimnong'oneza mama, "Ugonjwa huu unamla utumbo."

Basi nikajua kuna mnyama ndani, ana meno na ana njaa. Panya wa shambani tulimtega kwa mahindi ya kuchoma. Mjomba alipolala, nikampangia punje chache juu ya kitovu, nikakaa kimya na mwiko mkononi.

Akafumbua macho. "Unafanya nini, mpwa wangu?"

"Namtega anayekula utumbo wako."

Tumbo likatikisika kwa kicheko, punje zikadondoka mkekani. Akaokota moja, akaitafuna taratibu.

"Mnyama wako hataki mahindi," alisema. "Mimi ndiye ninayeyataka."

Bibi alikuwa mlangoni. Tangu mjomba arudi, kila siku alikuwa akimwaga uji ambao haukuguswa. Alikwenda kubandika chungu.