Ubeti wa Tatu wa Kanda Yetu ya Kwanza

Kanda yetu ya kwanza tuliirekodi mchana mmoja wa kiangazi, kwenye ghala la pamba la mfanyabiashara wa Kihindi pale Shinyanga mjini. Fundi mitambo kutoka Mwanza alisema hajapata kuona chumba kinachomeza mwangwi kama kile, marobota mpaka darini. Jioni alikuwa anaondoka na mashine yake. Kosa lolote lingebaki hivyohivyo.

Tulikuwa wanne. Tulipenda nyimbo fupi zenye magitaa makali na viitikio vya kuimba pamoja, kama za Wazungu tuliowasikia redioni, ila maneno yetu yalikuwa ya Kiswahili na yote ya mapenzi. Mimi nilipiga gitaa. Nilijifundisha kwa kusimamisha kanda na kuirudisha, na kila nilipopiga mbele za watu niliogopa kwamba mmoja atainuka aseme, huyu hajui. Kwa hiyo nilikariri kila kitu.

Wimbo wa mwisho ulikuwa unakwenda vizuri. Ubeti wa tatu, mwimbaji wetu kafumba macho anambembeleza mpenzi wake, mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mmoja na gunia tupu. Mwimbaji akafumbua macho, akanyamaza, akajitosa nyuma ya marobota. Alikuwa mama mkwe wake. Kwetu Usukumani mkwe unampisha njia. Kumwimbia mambo ya mahaba haiwezekani.

Kanda ilikuwa inazunguka. Ngoma na besi hazikusimama. Ubeti mzima haukuwa na mtu, nami nikaujaza kwa chochote vidole vilichokamata, mpaka tukafika kwenye kiitikio tukaimba watatu.

"Nilifuata mbegu za pamba tu, wanangu," mama alisema wimbo ulipokwisha, akaenda zake.

"Ameondoka?" sauti ikauliza kutoka kwenye pamba.

"Toka, mkwe mwema," mpiga ngoma akamjibu.

"Turudie," nilisema, machozi yakinilenga.

Fundi alikuwa tayari anakunja nyaya.

Siku zilizofuata sikupata usingizi wala hamu ya kula. Tuliipeleka kanda Geita, kwa mzee mtoaji wa kanda, ambaye wachimbaji dhahabu wote walinunua muziki kwake. Akikataa yeye, nani angetusikia? Alisikiliza akitafuna karanga. Kwenye ubeti ule akasimamisha, akarudisha nyuma.

"Shikamoo tena, mzee," nilianza. "Hapo pana kosa, mama mkwe wa huyu mwenzetu..."

"Marahaba. Nyamaza nisikie."

Akarudisha tena, akaongeza sauti. Mchimbaji mmoja aliyejaa vumbi akasimama mlangoni.

"Nani anapiga hilo gitaa?"

Mzee akaninyooshea kidole.

"Huyu? Mbona anatetemeka?"

"Basi siku akiacha kutetemeka msije mkamsikiliza," mzee alisema. "Nitaitoa. Ila wimbo huu uwe wa kwanza."

Nilitoka nje. Ndipo nikahisi njaa ya siku zote zile. Nilikula ugali na sato, nikaomba ugali mwingine, wenzangu wakinitania, nami sikujali hata kidogo.