Mwalimu Edita, uliyetupokea sisi tulioshindikana

Asubuhi nimepigiwa simu kutoka Kanazi kwamba Mwalimu Edita hatunaye. Nikawaambia waende wakamwangalie tena vizuri. Wakasema, "Pole, Bibi." Hapo ndipo nikajua.

Ninyi mnaoandika RIP, herufi tatu, halafu mnakimbilia picha za harusi, tulieni msome. Bibi yenu ana maneno.

Enzi za Mwingereza yaliingia mafua mabaya, nyumba nzima inalala kitandani. Bwana afya akafunga shule. Watoto wakarudi kwao, wakashukuru.

Ila tulikuwepo wanne ambao hakuna aliyetutaka. Mmoja alipiga mayowe bila sababu, wawili walikuwa watoro, na mimi niliuma watu. Ndiyo, kwa meno. Nilishawashinda nyumbani Muleba, wakanileta kwa shangazi Kanazi, naye nikamshinda.

Mwalimu mkuu akaona ndiyo nafasi ya kunitoa. "Yule msichana shule ikifunguliwa harudi. Anauma."

"Amekuuma wewe?" Mwalimu Edita akamuuliza.

"Mimi? Hapana."

"Basi niachie mpaka tufungue."

Alikuwa binti mdogo tu, ametoka chuo juzi. Akatufundishia kibanjani kwao, shambani kwenye migomba, kila mtoto na mgomba wake, mbalimbali tusiambukizane. Mnaona akili hiyo? Na sisi tukikaa pamoja tulikuwa tunatoana damu!

Siku ya kwanza akatusalimu, "Nyegera waitu," kama watu wazima. Akampa kila mmoja kahawa ya kutafuna, imefungwa kwenye jani lake. Kahawa! Kwetu Wahaya hiyo anapewa mgeni. Mimi sijawahi kuwa mgeni wa mtu. Nikakaa, nikatafuna polepole, nikasikiliza hadithi aliyotusimulia mpaka mwisho.

Msidhani nilipona. Kuna siku nilimrushia kibao cha kuandikia. Akakiokota, akakifuta. "Kimevunjika pembeni tu. Endelea."

Shule ikafunguliwa. Mwalimu mkuu akanisimamisha mbele nisome, nikishindwa niende. Mvulana mmoja akasema chinichini, "Mbwa wa Muleba."

Sikumrukia. Nikasoma mpaka nukta ya mwisho, ndipo nikamgeukia. "Nimemaliza. Ulikuwa unasemaje?"

Darasa likacheka, mwalimu mkuu naye. Akanionyesha dawati. Nikabaki.

Niliishia darasa la nne, baba akasema inatosha. Lakini barua zangu zote nimeandika mwenyewe, hata ya kumkataa mwanamume.

Mwaka jana nilimtembelea nikamuuliza, "Mwalimu, hukutuogopa?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe nilikuogopa sana! Kila asubuhi tumbo lilikuwa linaniuma. Natoka hivyo hivyo."

Walimu wa leo mnaosema mtoto fulani ameshindikana, mmesikia? Tumbo likiuma, tokeni hivyo hivyo. Na msiniandikie pole kama hamtaki kutoka.

Lala, Mwalimu wangu. Sisi tulioshindikana tumetulia.