Picha ya Mishipa ya Dada

Kope la jicho la kushoto la dada yangu liliteremka asubuhi moja akichuma kahawa, halikupanda tena. Kichwa kilikuwa kimemsumbua siku kadhaa. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka michache kabla ya uhuru, na daktari wa Arusha mjini hakutaka kubahatisha: aliandika barua, twende hospitali kubwa ya Nairobi. Baba alimsindikiza. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa nimesoma, na Kiswahili cha Baba kilimtosha sokoni Maji ya Chai tu.

Walimchoma dada sindano shingoni, upande mmoja kisha wa pili, wakaingiza dawa kwenye mshipa na kupiga picha za kichwa harakaharaka kabla haijapita. Alituambia uso uliwaka moto. Kesho yake daktari, mzungu mwembamba mwenye Kiswahili cha kukwaruza, alizishika picha dirishani.

Baba alikuwa mzee wa mfereji kule Akheri. Yeye ndiye aliyegawa zamu za maji. Alisogea, akaufuata mshipa kwa kidole bila kuigusa picha, hadi pale ulipogawanyika. Hapo palikuwa na uvimbe mdogo kama punje ya maharage.

“Hapa ukingo umechoka,” alisema kwa Kimeru, kabla daktari hajafungua mdomo. Nilijivunia sana baba yangu siku ile.

Daktari alinieleza polepole. Uvimbe wenyewe hataugusa. Atakata kidogo shingoni, aufunge mshipa huko chini, damu ipoteze nguvu kabla ya kufika kwenye uvimbe. Picha za upande wa kulia zilimwonyesha kwamba damu ya huko inavuka na itatosha kulisha kushoto.

Nikaogopa. Kwetu shingo hukatwa ya mbuzi. Niliona Baba akisikia hilo tu, atamtoa dada kitandani palepale. Kwa hiyo, mjuaji mimi, nikamwambia, “Anasema atampasua autibu ule uvimbe.”

Baba alifikiri. “Ukingo uliochoka haupigwi jembe maji yakipita. Kwanza unapanda juu, unafunga maji. Muulize, damu ataifungia wapi?”

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini kulitoa kungekuwa kukiri kwa Baba, mgeni akitutazama, kwamba nimemficha jambo. Nikamuuliza daktari dada angelazwa siku ngapi, kisha nikamgeukia Baba. “Hajasema, Baba.”

“Basi hajui kazi,” alisema. “Twende nyumbani akapumzike.”

Daktari alitubembeleza, nami nikatafsiri nusu nusu. Dada, jicho moja limefumba, alinitazama kwa lile lingine. Kiswahili hakukijua; aliamini kila nilichosema.

Alikufa siku ya saba baada ya kurudi, amekaa mlangoni akimenya maharage. Alishika kichwa, akaniita mara moja. Nilipotoka jikoni alikuwa ameshalala juu ya maganda.

Mvua za masika zilipokwisha, ukingo wa mfereji ulipasuka juu ya migomba yetu. Nilimfuata Baba na jembe. Hakugusa ukingo. Alipanda kwanza hadi kwenye kinywa cha mfereji, akakiziba kwa mawe na mabonge ya nyasi, akasubiri maji yapungue. Nilimtazama nikashindwa kuvumilia. Nilimwambia yote.

“Shingoni?” aliuliza.

“Ndiyo, Baba. Alitaka kuifungia damu shingoni.”

Nilitamani anichape. Alikaa juu ya jiwe akautazama mfereji uliokuwa unakauka.

“Kumbe alikuwa fundi,” alisema baadaye. “Ningemwachia.”

Tuliziba ule ukingo pamoja hadi adhuhuri, kwa udongo na mawe. Kisha akachukua jembe lake, akapanda kwenda kufungua maji. Hakuniambia nimfuate.